Nitapimaje mchango wa uuguzi kwa mgonjwa? Vidonda vya kulalia, wodi ya mifupa

SistaMifupa

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada kwa waliowahi kufanya tathmini ya huduma za wodini.

Wodi ni ya mifupa, wanaume, hospitali ya umma hapa Dar. Vitanda ni 36 lakini wagonjwa kwa kawaida ni kama 40, waliobaki wanalala kwenye magodoro chini. Wengi ni majeruhi wa bodaboda waliovunjika paja, wako kwenye traksheni, mguu ukivutwa kwa uzito, wakisubiri upasuaji. Wachache wameumia uti wa mgongo. Wauguzi ni 5 asubuhi, 3 jioni na 2 usiku, pamoja na mhudumu mmoja.

Tumeomba muuguzi mmoja zaidi wa usiku na magodoro sita ya upepo. Uongozi haujakataa, umetaka tuonyeshe kwa takwimu kwamba nyongeza hiyo itabadilisha hali ya mgonjwa. Ni dai la haki. Kwenye kitabu cha makabidhiano, miezi 12 iliyopita vimeandikwa vidonda vipya vya kulalia 72. Siku za kulazwa kwa mwaka ni 14,400.

Mpango uliopo ni kuanza ratiba ya kugeuza wagonjwa kila saa mbili, kisha kulinganisha mwezi mmoja kabla na mwezi mmoja baada. Inatosha? Na tutajuaje kwamba kilichobadilisha hali ni uuguzi, si kitu kingine? Mwisho, kuna ule utafiti wa Marekani wa 2002 unaosema kila mgonjwa anayeongezwa kwa muuguzi mmoja huongeza vifo. Tuuweke kwenye barua?

Mtakwimu_Upanga

Pole na kazi, sista. Naanza na mwezi kabla na mwezi baada, maana hapo ndipo watakapokubana.

Vidonda 72 kwa siku 14,400 ni vidonda 5 kwa kila siku 1,000 za kulazwa. Baki na kipimo hicho. Usitumie asilimia ya wagonjwa, kwa sababu aliyelazwa siku 3 na aliyekaa siku 60 kwenye traksheni hawawezi kuhesabiwa mtu mmoja mmoja sawasawa. Kwa mwezi mmoja una siku kama 1,200, kwa hiyo unategemea vidonda 6. Bahati tu inaweza kukuletea 3 mwezi huu na 9 mwezi ujao bila mtu yeyote kubadilisha chochote wodini.

Mipaka ya bahati unaipata hivi. Chukua wastani wako, 5. Gawanya kwa siku za mwezi zikiwa katika maelfu, yaani 1.2, unapata 4.17. Kipeuo chake cha pili ni 2.04. Zidisha kwa 3, unapata 6.1. Mpaka wa juu ni 5 jumlisha 6.1, yaani 11.1. Mpaka wa chini unaangukia chini ya sifuri, maana yake haupo. Kwa hiyo ukizichora namba hizi kwenye chati, nukta ya mwezi mmoja haiwezi kuthibitisha nafuu, hata iwe nzuri namna gani. Ukikusanya kwa robo mwaka, siku zinakuwa 3,600 na mipaka inasogea hadi kati ya 1.5 na 8.5. Hapo ungehitaji vidonda 5 au pungufu badala ya 18 ndipo nukta moja itoke nje ya mpaka.

Njia inayofaa kwa wodi moja ni kuchora nukta ya kila mwezi, miezi 12 ya nyuma na angalau 12 ya mbele. Chora mstari wa kati kwa namba za nyuma: zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati. Nukta sita mfululizo zikikaa chini ya mstari huo, una mabadiliko ya kweli. Nukta iliyoangukia kwenye mstari wenyewe iruke, usiihesabu upande wowote. Excel inatosha, na karatasi ya miraba inatosha pia.

Kigawanyo ndicho kinachoharibu hesabu nyingi ninazoona. Hesabu watu waliopo saa sita usiku, kila usiku, pamoja na walio chini. Ukigawanya kwa vitanda 36 wakati wagonjwa ni 41, kiwango chako kitaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Kuhusu kujua kama ni uuguzi au kitu kingine, tafuta wodi ya kulinganisha. Mifupa wanawake au upasuaji wa kawaida inafaa, mradi vidonda vyao vihesabiwe kwa fomu ileile na jicho lilelile. Zikishuka zote mbili kwa pamoja, sababu haiko kwenye ratiba yako. Kwenye chati chora mstari wima siku ratiba inapoanza, na pembeni andika kila tukio kubwa: upasuaji uliposimama wiki mbili, shuka zilipoisha, umeme ulipokuwa unakatika. Hilo la umeme usilidharau. Godoro la upepo pampu ikizima linalala, na mgonjwa anabaki juu ya chuma.

Mtego huo ni wa zamani. Wakati wa vita vya Crimea, Florence Nightingale, mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, alifika hospitali ya jeshi la Waingereza huko Scutari, Uturuki, Novemba 1854 na wauguzi wake, na vifo viliendelea kupanda majira yale yote ya baridi. Vilianza kushuka kwa kasi baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 ikazibua mitaro na kusafisha maji na hewa. Yeye mwenyewe aliliona hilo vizuri alipokaa na takwimu baada ya vita. Angelinganisha tu "kabla ya wauguzi" na "baada ya wauguzi", angepata jibu la uongo: majira ya baridi kwamba wauguzi wanaua, baadaye kwamba wao peke yao ndio walioponya.

Utafiti wa 2002 ni wa kweli: hospitali 168 za Pennsylvania, wagonjwa wa upasuaji, na kila mgonjwa aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2014 utafiti wa nchi tisa za Ulaya ulipata kiwango hichohicho. Utaje kwa sentensi moja kuonyesha kwamba uhusiano upo, lakini usiubebe huo asilimia 7 kuupandikiza hapa. Kule muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wanne hadi wanane. Wewe usiku una ishirini. Na kule ndugu hawapindui mgonjwa wala kumlisha.

Muuguzi_Vidonda

Hesabu za Mtakwimu ni sahihi, ila zimesimama juu ya hiyo 72, na hiyo 72 mimi siiamini bado. Kitabu cha makabidhiano huandikwa kidonda kinapokuwa kimefunguka na kunuka. Daraja la kwanza, ngozi ikiwa bado nzima, halimo, na la pili, ngozi ikiwa imechubuka juu juu, nina hakika nusu halimo.

Vitabu vinasema daraja la kwanza ni wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwa ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani kabisa, na ndiyo maana muuguzi anapita, anaandika "ngozi nzima", na siku ya nne kuna shimo. Fundisheni macho na mikono hivi. Mgeuze mgonjwa ubavu, subiri dakika chache ili alama ya kulalia shuka ipotee. Tumia mwanga wa dirishani au tochi yenye mwanga wa njano, maana taa ndefu nyeupe za wodini huitia ngozi rangi ya bluu. Angalia mfupa wa mkia, nyonga zote mbili, visigino, kisogo, viwiko. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, au inayong'aa kama imenyooshwa. Halafu weka mgongo wa mkono: ina joto au ubaridi kuliko pembeni? Bonyeza kwa kidole: ngumu kama ganda la chungwa, au inabonyea kama tope? Muulize kama panauma au panawasha. Majibu hayo manne, rangi, joto, ugumu na maumivu, yaandikwe kila mara hata kama ni "sawa na pembeni".

Kwa wodi ya mifupa kuna sehemu ambazo fomu za kawaida hazizitaji. Chini ya pete ya banzi la Thomas, lile fremu la kunyoosha paja lililovunjika, kwenye kinena. Kisigino kilichofungiwa ndani ya plasta, ambacho utakijua kwa harufu, joto, au mgonjwa anayelalamika kuungua halafu akanyamaza. Kunyamaza huko si nafuu, neva imekufa. Ngozi ya mguu chini ya plasta ya kunata inayoshikilia uzito wa traksheni. Vyote hivyo ni vidonda vya mgandamizo na vihesabiwe, lakini kwenye safu yake, "vya vifaa", kwa sababu kugeuza kila saa mbili hakutavigusa.

Usihesabu ngozi iliyolainika kwa mkojo au kinyesi. Hiyo hukaa kwenye mfereji wa makalio, pande mbili zinalingana kama picha ya kioo, kingo hazina umbo, na haiko juu ya mfupa. Ukiichanganya na daraja la pili, pampasi zikiisha kwa ndugu wa mgonjwa kiwango chako kinapanda na utadhani ratiba imeshindwa.

Sasa jambo linalovunja watu moyo. Ukishafundisha wodi kuona, miezi miwili ya kwanza vidonda vitaongezeka kwenye karatasi. Ngozi haijaharibika zaidi, ila sasa inaonekana. Kwa hiyo fundisha kwanza, hesabu miezi mitatu bila kubadilisha kitu kingine chochote, ndipo uanze ratiba ya kugeuza. Kipimo chako kikuu kiwe daraja la pili na kuendelea. La kwanza liandike pembeni kama onyo. Ile miezi 12 ya nyuma aliyoitaja Mtakwimu itumie kwa tahadhari, maana ilihesabiwa na macho mengine.

Na kabla ya kuanza, pima kama wahesabuji wako wanaona kitu kimoja. Wauguzi wawili wapitie wagonjwa 30 haohao ndani ya saa moja, kila mmoja na karatasi yake, bila kuongea. Tuseme wote wawili wamesema "kipo" kwa wagonjwa 6, wote "hakipo" kwa 20, wa kwanza peke yake amesema "kipo" kwa 3 na wa pili peke yake kwa 1. Wamekubaliana 26 kati ya 30, asilimia 87, na inapendeza kuisikia. Lakini wengi hawana kidonda, kwa hiyo hata wangebahatisha wangekubaliana kwa asilimia 61 hivi. Ukiondoa bahati hiyo, kappa, yaani kipimo cha makubaliano ambacho 1 ni kukubaliana kabisa, inabaki 0.66. Rudini kwa wale wanne mliotofautiana, mkae pembeni ya kitanda mkubaliane, mrudie na wagonjwa wengine 30. Mimi nisingeanza kukusanya chini ya 0.8.

SistaMifupa

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Nyongeza mbili. Ombi letu ni la usiku, sasa kidonda tunakijuaje kama kilianza usiku? Na ratiba za kugeuza zinajazwa vizuri kabisa, karibu asilimia 100, kwa hiyo kwenye karatasi hatuna tatizo la kugeuza.

Mwalimu_Kliniki

Dada, hiyo asilimia 100 ndiyo habari yenyewe. Wauguzi wawili, wagonjwa arobaini, na karatasi imejaa? Angalia wino. Kama miraba yote ya usiku, kuanzia saa mbili hadi saa kumi na mbili, ina mwandiko mmoja, mlalo mmoja na mkandamizo mmoja wa kalamu, imejazwa kwa mkupuo kabla ya makabidhiano. Silaumu mtu hapa. Karatasi isiyo na nafasi ya kuandika "haikuwezekana" inamlazimisha mtu kuandika uongo. Ongeza alama ya tatu kwenye kila mraba: amegeuzwa, hajageuzwa, haruhusiwi. Na ukishaiweka, aliyeandika "hajageuzwa" asiitwe kujieleza hata mara moja, vinginevyo utarudi kwenye asilimia 100 yako.

Alama ya kuwa ukweli haupo unaipata hata kwenye chati za vipimo. Chukua chati 50 uangalie upumuaji. Ukikuta karibu wote wanapumua mara 20 kwa dakika, hakuna aliyehesabu. Kwa presha ya mshale, mistari inakwenda mbili mbili, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ya namba ya juu inatakiwa iwe 0, 2, 4, 6 au 8 kwa mgawanyo unaokaribiana, kila moja kama moja ya tano. Ukikuta nusu zinaishia na 0, zimekadiriwa. Fanya zoezi hili kabla hujajenga hoja yoyote juu ya chati hizo.

Kuhusu usiku: kidonda chenyewe hakitakuambia saa kilipoanza. Madhara ya ndani ya nyama yanaweza kujitokeza kwenye ngozi saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo uliosababisha. Kwa hiyo achana na kugawa vidonda kwa zamu. Pima tendo kwa zamu, pima kidonda kwa wodi.

Tendo linapimwa kwa macho. Andika saa zote za siku kwenye vikaratasi, changanya, chomoa kumi kwa wiki, hakikisha angalau nne ni za usiku. Saa ikifika, mtu mmoja anapita kwa wagonjwa walio kwenye hatari tu, anaandika mlalo aliomkuta nao: mgongo, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, ameinuliwa. Baada ya saa mbili na nusu anarudi. Mlalo umebadilika au la? Kwa aliye kwenye traksheni ambaye hawezi kulazwa ubavu, swali ni kama ameinuliwa makalio akapumzishwa mgandamizo na kama kisigino kinaelea juu ya mto uliowekwa chini ya shavu la mguu. Hilo la kuinuliwa halionekani ukirudi, kwa hiyo muulize mgonjwa mwenyewe. Wiki sita za namna hiyo zinakupa mia kadhaa za mlalo, na mchana unausoma peke yake, usiku peke yake. Ukikuta mchana walibadilishwa 70 kati ya 100 na usiku 30 kati ya 100, hiyo ndiyo barua yako kwa Mganga Mfawidhi.

Iunge na hesabu ya muda. Kwa namba ulizotoa, nikichukulia zamu za saa 7, 6 na 11, muda wa wauguzi ni 35 jumlisha 18 jumlisha 22, saa 75 kwa siku. Gawa kwa wagonjwa 40, ni saa moja na dakika 52 kwa kila mgonjwa kwa siku nzima. Usiku peke yake, saa 22 kwa watu 40 ni dakika 33 kwa kila mmoja kwa usiku mzima, na humo kuna dawa, dripu, vipimo, wanaotoka upasuaji na wanaopokelewa. Sasa tuseme 14 wako kwenye hatari. Kila mmoja mara 5 kwa usiku, watu wawili kila mara, dakika 5. Hizo ni dakika 700 za kazi. Wauguzi wawili wana 1,320. Zaidi ya nusu ya usiku wao imekwenda kwenye kugeuza. Mhesabu na mhudumu pia, uwe mkweli, jumla inakuwa 1,980 na kugeuza kunachukua asilimia 35. Bado ni mzigo usiobebeka. Lakini usitumie dakika 5 zangu, pima kwa saa ya mkononi wagonjwa 20 wa kwako, na wenye traksheni uwapime kando kwa sababu wao wanachukua muda zaidi.

Wanafunzi usiwaweke kwenye saa hizo, wala sista mkuu anayeshinda kwenye makaratasi. Ndugu wa mgonjwa nao wana safu yao. Kwa kila mgonjwa aliye kwenye hatari andika kama leo kuna ndugu aliyemgeuza, aliyemlisha au aliyemwogesha. Wodini kwetu ndugu anabeba sehemu ya uuguzi na hakuna anayemhesabu. Kijana aliyegongwa Kibaha hana mtu Dar, na mwenzake mwenye mama anayekuja saa za asubuhi, mchana na jioni, hawapati huduma sawa hata kama muuguzi ni mmoja.

Mkunga_Temeke

Naingilia kidogo kutoka upande wa uzazi, kwa sababu sisi tuna mfano wa hapahapa nchini wa kupima tendo pamoja na tokeo.

Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua ndani ya dakika ya kwanza yalijaribiwa kwenye hospitali nane za Tanzania, matokeo yakachapishwa 2013. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kwa asilimia 47. Mtu makini atauliza: labda wamehamisha tu, wanaofariki wakiandikwa "amezaliwa mfu"? Walihesabu na hao pia, na waliozaliwa wafu baada ya kufariki muda mfupi kabla ya kuzaliwa nao walishuka, kwa asilimia 24. Ndiyo maana matokeo yale yanasimama. Kwako, sista, mlinganisho wake ni huu: ukihesabu vidonda vipya, hesabu pia "alikuja nacho". Vipya vikipungua na vya kuja navyo vikiongezeka mwezi huohuo, vimehamishwa safu.

Na hospitali ya Haydom, Manyara, mafunzo ya siku moja yaliongeza uwezo wa watu kwenye mwanasesere, ila chumba cha kujifungulia hakikubadilika. Kilibadilika walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini. Wangepima alama za mtihani tu wasingelijua hilo. Semina yako ya kugeuza wagonjwa usiipime kwa mtihani.

Mtakwimu_Upanga

Nimekumbuka kitu, nisipokisema kitakuumiza baadaye. Wagonjwa wako wa mwaka huu hawatakuwa sawa na wa mwaka ujao.

Mpime kila mgonjwa kwa kipimo cha Braden siku anayopokelewa na kila baada ya siku tatu. Kina vipengele sita: kuhisi, unyevu, shughuli, kujigeuza, lishe, na msuguano. Vitano vina alama 1 hadi 4, msuguano 1 hadi 3, jumla inaanzia 6 hadi 23. Wenye 18 au pungufu wako kwenye hatari. Siku za kulazwa zigawe makundi mawili.

Ona kinachoweza kutokea. Robo ya kwanza: wenye hatari siku 500, vidonda 10, yaani 20 kwa 1,000. Wasio na hatari siku 3,100, vidonda 4, yaani 1.3. Jumla 14 kwa siku 3,600, ni 3.9. Robo ya pili umeanza ratiba, lakini majeruhi wa uti wa mgongo wameongezeka: wenye hatari siku 1,000, vidonda 15, yaani 15. Wasio na hatari siku 2,600, vidonda 3, yaani 1.2. Jumla 18, ni 5.0. Kila kundi limepata nafuu, na jumla imepanda! Ukipeleka jumla peke yake, ratiba nzuri inafutwa.

Dawa yake ni kuhesabu vilivyotarajiwa. Viwango vya zamani zidisha kwa siku mpya zikiwa katika maelfu: 20 mara 1.0 ni 20, 1.29 mara 2.6 ni 3.4, jumla 23.4. Umepata 18. Gawa 18 kwa 23.4, ni 0.77. Waambie uongozi: kwa wagonjwa wa aina hii tulitarajia vidonda 23, vimetokea 18.

Kuna mtego hapohapo: usilinganishe mgonjwa mmoja mmoja aliyehudumiwa zaidi na aliyehudumiwa kidogo. Aliye hoi ndiye anayegeuzwa zaidi, na ndiye anayepata vidonda zaidi. Hesabu hiyo itakuambia kugeuza kunaleta vidonda. Linganisha vipindi na wodi.

SistaMifupa

Wakuu, nimeandika yote. Swali la mwisho kwa Muuguzi_Vidonda: "alikuja nacho" tunaikata saa ngapi? Wengi wanafika wakiwa wamelala kwenye machela ya mapokezi ya dharura tangu jioni, na wengine wamelala kwenye meza ya upasuaji kwa muda wa saa nne au tano. Na picha za vidonda tunaweza kuzihifadhi?

Muuguzi_Vidonda

Ngozi yote iangaliwe ndani ya saa 24 za kufika wodini, ikiwezekana ndani ya saa 6. Kilichoonekana hapo ni cha kuja nacho. Lakini ukikumbuka zile saa 48 hadi 72 alizotaja Mwalimu, doa la zambarau linalotokea siku ya pili au ya tatu huenda lilianzia kwenye machela. Kwa hiyo ongeza safu mbili: saa alizokaa kabla ya kufika wodini, na saa alizokaa kwenye meza ya upasuaji. Kidonda kinachojitokeza ndani ya siku tatu baada ya kupokelewa au kupasuliwa kiwekee alama yake. Kinabaki kwenye jumla ya hospitali, ila kwenye chati ya ratiba yako ya wodini kionyeshe kwa rangi nyingine. Ukikuta theluthi ya vidonda viko hapo, magodoro mawili kati ya sita uliyoomba nafasi yake ni mapokezi.

Mgonjwa mwenye vidonda viwili andika vyote, lakini kwenye kiwango hesabu kimoja, cha daraja la juu zaidi. Amua sasa, usibadilishe katikati.

Picha: kwa kibali cha maandishi cha mgonjwa, bila uso, na kipande cha rula pembeni mwa kidonda, karatasi ya namba ya siri badala ya jina. Zikae kwenye kompyuta ya hospitali yenye nywila. Kundi la WhatsApp la wodi si mahali pake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Na kama una nia ya kuchapisha au kuitumia kwa shahada, kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kiombwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kuhesabiwa, maana kwa kawaida hakitolewi kwa utafiti ambao tayari umeuanza.

Fomu isizidi upande mmoja wa karatasi. Namba ya siri, tarehe ya kulazwa, saa kabla ya wodi, saa za upasuaji, Braden, sehemu, daraja, cha kifaa au la, ndugu yupo au hayupo, herufi za mwangaliaji. Ijazwe Jumatatu na Alhamisi, saa tatu asubuhi wagonjwa wanapogeuzwa kutandikiwa, ili usimsumbue mtu mara mbili. Anayejaza asiwe wa zamu hiyo.